Nozeli Iliyovaa Sweta

S.L.P. 41,
Caribou, Maine.
18 Januari, 1987.

Mpendwa Shangazi Aurore,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji uliyoikimbia. Goti limepata nafuu huko Florida? Sisi tu wazima, ila Mama ana mafua.

Unajua nimepata ukarani kwenye kampuni ya mafuta ya kupashia nyumba joto. Nasoma kadi za wateja na kuwatolea mafundi nozeli, kile kichwa kidogo cha shaba kinachopuliza mafuta ndani ya tanuri kama ukungu. Jumanne nilikosea. Kadi ya Bi. Thériault, mjane wa miaka themanini na minne, inataka nozeli inayopuliza kwa pembe ya nyuzi themanini. Mimi nikatoa ya sitini. Ukungu ukiwa mwembamba, moto hurefuka, hupiga ukuta wa tanuri, na nyumba hujaa masizi. Nilipogundua, fundi alikuwa ameshaondoka, na baridi ya nje ilikuwa ya kuua. Nilijua nikifukuzwa itakuwa haki.

Nikaitoa nozeli sahihi kwenye kichupa chake, nikaitia ndani ya glavu yangu ya sufu isipatwe na baridi, nikaendesha gari mbio hadi kwa Bi. Thériault.

Laiti ungemwona fundi wetu, Bi. Clothilde Michaud. Alikuwa amekaa sakafuni, tanuri limezimwa, ile ya sitini iko mkononi. Hakuwa ameifunga. Husoma kila nozeli kwanza, hata aliyoichukua mwenyewe. Akaimulika yangu kwa tochi.

"Mwanangu, umeniletea nozeli au sweta?"

Uzi wa sufu ulikuwa umeziba tundu. Nilitamani ardhi inimeze. Bi. Thériault, amejifunga mablanketi mawili, akasema kutoka ngazini, "Mwache, Clothilde. Wewe mwaka wako wa kwanza ulimpaka masizi mpaka paka wangu."

Clothilde akatoa nyingine sandukuni mwake. Alikuwa nayo muda wote. Spana moja ikashikilia, ya pili ikakaza, vidole visiguse ncha hata kidogo. Moto ukawaka mviringo, msafi, mbali na ukuta.

Nikamwuliza kama atamwambia bosi. Akanipa penseli na kadi inayoning'inia kwenye tanuri, ambamo fundi huandika alichofunga na jina lake.

"Andika. Halafu nisomee kwa sauti."

Nikaandika themanini, nikasoma. Chini ya jina lake, lililojirudia hapo kwa miaka kumi na miwili, sasa lipo langu. Bosi hajaniuliza lolote. Siku hizi nasoma kila nozeli kwa sauti pale kaunta, na wenzangu wameanza kuniita padri.

Wasalimie Mjomba Rosaire na dada Lise. Mungu awajalie joto lisilohitaji fundi.

Mwanao akupendaye,
Gérald