Usije na Panga, Adriano

Malangali,
Sumbawanga.
14 Aprili, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Adriano,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua kimepona? Sisi miili inasimama. Mama anakunywa uji kidogo, na kila siku anauliza kama huko chuoni unapata cha kula.

Ujumbe wako niliusoma nimesimama jikoni, nikakaa chini. Unasema unaacha masomo, unakuja na basi la Ijumaa, na ukoo wa Polikarp utakutambua. Kabla hujakata tiketi, nisikilize dada yako.

Wewe ulisimuliwa kwa simu. Mimi nilikuwepo. Polikarp alipanga matuta yake akavuka mpaka, akafukia majani ya kurutubisha ndani ya shamba letu. Kaka yetu Teodori angeweza kumwita mwenyekiti wa mtaa. Hakumwita. Alianza kuyabomoa mbele ya mwenyewe, nawe unajua kwetu kubomoa tuta la mtu ni kumwaga chakula chake cha mwakani.

"Weka jembe chini, Teodori," Polikarp akasema.

Kaka akacheka. "Njoo uniwekee wewe, kasauti kembamba." Utani wao wa kwaya ule ule, miaka yote: kaka sauti ya besi, Polikarp sauti ya tena, ile nyembamba ya wanaume.

Alipigwa jembe la kisogo, na alipogeuka, la uso. Nilikuwa nawaletea togwa. Nilimpakata kichwa, damu ikapenya kitenge hadi kwenye ngozi yangu, ya moto. Meno yake niliyaokota kwenye majani nikayafunga kwenye pindo la kanga.

Tulimzika Alhamisi Kuu kwa sala tu, maana siku zile hazina misa ya wafu.

Polikarp yuko mahabusu, lakini vijana wa kwetu hawakutosheka. Walichoma nyumba yake. Walimpiga baba yake mzee hadi jicho likapasuka. Maksai wake waliwakata mishipa ya miguu, wakawa wanalia asubuhi nzima wakijaribu kusimama. Na walipokuwa wanakata, walikuwa wanaliimba jina la Teodori.

Sasa ndugu zake Polikarp wananoa mapanga, na vijana wetu wanakungoja uwaongoze. Ukishuka stendi hutalifikia kaburi la kaka yako. Utachimbiwa jingine.

Nakumbuka Krismasi ulivyotueleza lile somo lako la muziki, la kauntapointi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini ulipanga maharage kama noti ukingoni mwa sahani nikaelewa: sauti moja ikipanda, nyingine inaweza kushuka, kila moja ina njia yake, na hakuna inayoimeza nyingine. Teodori akasema, "Kumbe chuoni wanakufundisha kugombana bila kuuana!" Kisha akaila ile sauti ya besi. Ulimkasirikia kweli, ukamnyang'anya sahani.

Pasaka tuliimba wanawake peke yetu. Wanaume wa kwaya wamegawanyika, hawakai benchi moja.

Padri amekubali misa ya Teodori iwe Juni. Kaa ufanye mtihani wako, halafu tuandikie wimbo wa siku ile. Besi uiandike kama alivyokuwa anaimba yeye, nzito, isiyo na haraka. Na ile sauti ya tena, ya Polikarp, usiiondoe, mdogo wangu. Ipe njia yake. Najua ninachokuomba. Meno bado yamo kwenye kanga yangu. Lakini wimbo ukiwa na sauti zote, wale wanaume itabidi wasimame pamoja wajifunze, na mtu anayehesabu mapigo hawezi kushika panga.

Mama anakusalimu. Shemeji yako Coleta anakusalimu pia. Amelifua joho la kwaya la marehemu mumewe, amelikunja, na hajui pa kuliweka. Bibi Rosina anasema uvae sweta. Mungu aushike huo mkono wako wa kuandikia, usishike kingine.

Ijumaa basi likiondoka bila wewe, washa mshumaa, usali, na mimi unikumbuke.

Dada yako akupendaye,
Avelina