Pembe Isiyo na Paneli

Jumatatu, 3 Machi
Ukumbi mmoja, watu arobaini, hakuna ukuta katikati. Zege, kioo, zege. Nilipiga kofi moja: sauti ilikaa sekunde 1.8 kabla ya kufa. Mkurugenzi anataka 0.6, na hataki kuona kitu. "Ofisi isifanane na studio ya redio." Basi sufi yangu ya kumeza sauti itajificha darini, nyuma ya rafu, chini ya meza. Nilihesabu paneli 84 za sufi. Akakata hadi 71. Eti hesabu zangu ni za woga. Yeye amesoma nje. Mimi nimesomea kwenye sponji za viti vya kinyozi.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anafanya kazi humu. Idara ya manunuzi, bado yuko kwenye majaribio. Ameniona na ngazi begani, akajifanya hanijui. Sawa.

Jumatano, 5 Machi
Paneli 13 pungufu — pembe moja lazima ibaki uchi. Ipi? Nimezunguka na mashine yangu ya kupima sauti. Mezani kwa wifi kuna ukuta wa kioo uliopinda. Ukinong'ona pale, kioo kinaibeba sauti mita kumi na moja na kuitua mezani kwa mkurugenzi, ambaye anakaa ukumbini na watu wake ili aonekane mtu wa watu. Kelele za wengine zikifa, yake ndiyo itakayosikika.

Nimekumbuka ile siku kwa mama mkwe, miaka sita sasa. Wageni wamejaa, wifi na sahani mkononi: "Kaka yangu ameoa fundi magodoro. Walau hatalala chini." Kicheko. Mume wangu naye, meno yote nje.

Pembe imepatikana.

Alhamisi, 6 Machi
Paneli ya 71 imeingia. Chumba cha mikutano, kile cha kioo, nimekishindilia sufi mpaka basi. Ukipiga yowe ndani, nje wanaona mdomo tu.

Mzee wa mazulia, mwenye zabuni ya sakafu, amenishikia ngazi siku nzima. "Mwanangu, mikono yako ina akili." Niliendelea kuhesabu. Nusu ya zulia iko chini na kofi linasoma 0.7. Akimaliza, nashuka hadi 0.58.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikuwa nimesimama kwa mkurugenzi, namwonyesha namba. Wifi akashika simu. Ananong'ona, maskini. Kila neno lilitua mbele yetu.

"Kaka, asijue kuwa ni mimi. Zabuni yake ilishatupwa, nikairudisha mezani. Wakigundua ni ndugu yangu nimekwisha. Lakini kazi anaijua, kaka. Mwache ajione amejijenga mwenyewe."

Kaka. Yaani mume wangu. Yaani anayesemwa ni mimi.

Mkurugenzi aliweka kalamu chini. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Zabuni ipi hiyo?"

Kwa ukumbi huu zilikuwa mbili tu, yangu na ya mzee.

"Labda ya mazulia," nikasema.

Ilitoka laini.

Jumatatu, 10 Machi
Mzee amefukuzwa asubuhi. Hata zulia lililokwisha kutandikwa limeng'olewa. Mkurugenzi hataki kitu cha kujuana. Mabunda kumi na sita mlangoni. "Nimewakosea nini, mwanangu?" Nikajifanya napima. Kweli nilipima: 0.9. Zege tupu. Mkataba unasema 0.6, na bila zulia siifikii hata nikijigeuza sufi.

Saa nne wifi ameitwa chumba cha mikutano. Naandika hapa hapa, juu ya boksi tupu. Nawaona wote wawili. Midomo inatembea. Kidole cha mkurugenzi kinagonga meza, moja, mbili, tatu. Hakitoki kitu, hata kikohozi. Kazi safi.

Anaulizwa ndugu yake ni nani. Akisema ni mzee, amesema uongo wangu. Akisema ni mimi — sote wawili tumekwisha.

Dakika ya saba. Wifi anafuta macho kwa kiganja, kama mume wangu anavyofuta. Anaongea kwa kirefu sasa.

Mkurugenzi amegeuka, ananinyooshea kidole kupitia kioo. Wifi anatikisa kichwa. Anatikisa tena, kwa nguvu.

Mkurugenzi ametupa karatasi mezani. Zabuni yangu, naijua rangi ya jalada.

Wifi ameacha kutikisa. Ananiita kwa mkono.