Boksi la Risasi Ishirini

Bluff, Durban
Jumamosi, 14 Machi

Dada mpendwa Libérate,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mama na watoto. Naomba barua hii iwakute wazima, goti la mama limetulia na Jules ameacha kukohoa. Sisi huku hatujambo. Valérie anakusalimu sana. Mtoto wetu ameota meno mawili na anayajaribu kwenye kila kitu, pamoja na bega langu. Mvua imenyesha wiki nzima, nguo hazikauki, lakini hayo tumeyazoea.

Utashangaa kupokea karatasi badala ya sauti kwenye simu. Nilijirekodi mara tatu nikafuta mara tatu, maana kila nilipojisikiliza nilimsikia mtu anayeomba kuhurumiwa, na mimi sitaki huruma yako kabla hujajua yote. Barua anakuletea Estella wa saluni, anayekwenda Bujumbura kwenye harusi ya mdogo wake. Hajui kilichomo. Mimi nilimwambia ni salamu tu, na yeye, unavyomjua, hakuamini.

Dada, uliniuliza swali na nimekaa nalo wiki mbili bila kujibu. Umesema Jumapili ya Matawi familia zetu mbili zitakaa, na utatakiwa kusema mbele ya wote kama unakuja huku na watoto kwa mumeo Respicius, au kama ndoa iishie hapo. Ukasema huwezi kuvusha watoto mipaka yote hiyo kwenda kukaa na mtu ambaye uzembe wake ulimvunja binadamu mwenzake nyonga. Ukamalizia kwamba utafuata neno langu, kwa kuwa mimi nilikuwa naye kazini. 

Kwanza nikueleze vizuri ile kazi, kwa sababu najua kule nyumbani watu wanasema tunauza silaha. Hatuuzi. Mzee Moodley ana leseni ya serikali na karakana nyuma ya nyumba yake hapa Bluff, na kazi yake ni kuwajazia wawindaji risasi za bunduki za zamani, zile kubwa za kuwindia nyati na tembo. Risasi ya namna hiyo, ambayo wao huiita four-seventy, ni ndefu kama kidole changu cha kati na nene kuliko dole gumba la baba, Mungu amrehemu. Madukani ni adimu, na wenyewe wanaamini ile iliyojazwa kwa mkono inapiga vizuri zaidi. Ganda la shaba likishapigwa halitupwi. Linasafishwa, linanyooshwa, linawekwa fataki mpya kitakoni, ile ya kuwashia moto, linatiwa baruti, kisha kichwa. Mzee macho yake yamechoka, kwa hiyo alituchukua mimi na Respicius tuwe macho yake.

Kuna jambo moja ambalo lazima ulielewe. Maganda hayo yalitengenezwa enzi za baruti ya zamani iliyojaa mpaka juu. Baruti ya siku hizi haijazi hata robo tatu, na ikibaki inachezacheza ndani, haiwaki sawasawa. Basi juu yake tunasokomeza kidogo cha sufi, sufi hii hii ya kujazia mito. Ukishaweka sufi, huoni tena kilicho chini yake. Ndiyo maana mzee alikuwa na sheria zake, na alizishika kama sala. Ganda tupu linasimama kichwa chini. Likitiwa baruti linahamia upande wa pili wa ubao. Kabla ya sufi unamulika tochi ndani ya kila ganda, moja moja. Simu inakaa nje ya karakana. Ukikatishwa kwa lolote, hata kwa kupiga chafya, unamwaga yote kwenye kopo na kuanza upya. Mzee asipokuwepo, hakuna anayegusa baruti. Na aliyejaza anaandika herufi za jina lake kwenye kifuniko cha boksi, ili ajulikane wa kuulizwa.

Yaliyotokea Agosti unayajua, ila nayarudia ili tuwe pamoja. Mteja mmoja alichukua boksi la risasi ishirini siku ya Jumatano. Jumamosi yake, kwenye shamba la wanyama huko kaskazini, alimjeruhi nyati, wakamfuata ndani ya vichaka. Aliyetangulia kusoma nyayo alikuwa Baba Cele, mtu mzima wa miaka hamsini na saba. Nyati akatoka. Mwindaji alikuwa na bunduki ya mitutu miwili. Mtutu wa kwanza ulipiga, nyati hakuanguka. Mtutu wa pili ulitoa sauti ndogo tu, ya kifuniko cha chupa, na kichwa cha risasi kikanasa ndani. Mwindaji akarudi nyuma akajikwaa. Baba Cele hakuwa na bunduki. Alipiga kelele na kupunga kofia yake ili nyati amgeukie yeye, na nyati akamgeukia. Alikaa hospitali wiki tisa. Leo anatembea na gongo, na hatasoma nyayo tena.

Mzee Moodley alikagua ganda lile mezani kwetu. Ndani alikuta sufi iliyobabuka kidogo, na hakuna dalili ya baruti kabisa. Alizifungua zote zilizobaki, akapima kila moja, zote zilikuwa sawa. Ilikuwa hiyo moja tu. Kifuniko kilikuwa na herufi R.B., Respicius Bizimana. Mzee akamwuliza kama ni jina lake. Respicius alikitazama kile kifuniko, akajibu kwamba ni jina lake. Alifukuzwa saa ile ile.

Tangu siku hiyo shemeji analinda magari ya watu South Beach, na kizibao cha njano, jua na mvua, kati ya maghorofa yale. Amekonda. Watu wetu wa kanisani wanampa mkono wakiangalia pembeni. Mimi nilipewa kiti chake, kile cha karibu na dirisha, chenye mwanga mzuri. Mzee akasema mimi ndiye mwangalifu. Kila boksi nililomaliza tangu Agosti nimeandika A.N., na kila nilipoandika nilikumbuka ile R.B.

Najua unaposoma hapa umeshaanza kuhisi. Wewe tangu zamani hukuhitaji kuambiwa mara mbili.

Boksi lile nililijaza mimi.

Jumatano ile mzee alikwenda kwa daktari wa macho, arudi saa saba. Respicius naye hakuwepo. Alikuwa kwenye ofisi ya makaratasi ya wakimbizi. Mwezi ule alikuwa ameshaomba ruhusa mara tatu, na mzee alikuwa amemwambia kwamba ya nne atafute na kazi nyingine. Kwa hiyo alitoroka, na aliniomba kitu kimoja tu: mzee akipiga simu ya karakana, nimwambie kwamba yuko msalani. Hakuniomba niguse baruti. Shika hilo, dada, hakuniomba. Lakini mteja alikuwa anakuja saa nane, na boksi lilikuwa zamu ya Respicius, na nikaona nitamfanyia wema, akirudi akute limekwisha. Nilijiona mjanja sana. Hata simu niliingia nayo ndani, kwa kuwa hakukuwa na wa kuniona.

Nilikuwa nimefika ganda la kumi na mbili simu ilipolia. Ulikuwa wewe.

Unakumbuka? Uliniuliza kwa nini simu ya mumeo imezimwa tangu asubuhi. Nikakujibu yuko hapa karibu nami, mikono imejaa grisi, anakusalimu. Ukacheka, ukasema nimwambie asije akasahau kula. Tukaongea juu ya kikohozi cha Jules, na jinsi Mireille alivyojikata nywele mwenyewe. Mimi nilikuwa nimebana simu kwa bega na mikono inaendelea kusokomeza sufi. Tulipoagana niliangalia ubao, nikaona maganda matano yana sufi ambayo sikumbuki kuyamulika. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Kumwaga yote, kuanza upya, ilikuwa kazi ya saa moja na nusu. Nilichukua tochi, nikamulika, nikaona sufi nyeupe, nikajiambia chini ya sufi kuna baruti. Nikapachika vichwa. Nikaandika R.B. kwenye kifuniko kwa mkono wangu, na mzee aliporudi hakuuliza lilijazwa lini.

Usijilaumu hata kidogo kwa simu ile. Mtu kumpigia mdogo wake si kosa. Kosa ni la aliyeipokea pale.

Siku mzee alipouliza, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa Respicius. Nilifungua mdomo, nakuapia nilifungua, na yeye akaniwahi kwa lile jibu lake. Nje, kwenye ngazi, nilimshika mkono nikamwambia narudi ndani kusema. Akaniambia, "Shemeji, nyamaza. Iko mtoto tumboni mwa Valérie, na iko mama kule. Mmoja akitoka inatosha. Na mimi sikuwa mahali pangu." Nikanyamaza. Ningependa kukuambia kwamba nilinyamaza kwa ajili ya Valérie. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa, na yeye alinipa ruhusa ya kuogopa.

Kisha mkagombana kwenye simu, wewe na yeye. Alinisimulia mwenyewe, bila hasira. Ulimwambia asithubutu kujitetea, kwa kuwa mimi mdogo wako nilikuambia kwa kinywa changu kwamba asubuhi ile alikuwa mezani anajaza. Yeye akakaa kimya. Angesema hakuwepo, ungeniona mimi mwongo, na angekuwa amenitoa. Uongo wangu mdogo wa kukutuliza ndio uliomfunga mdomo mbele ya mke wake. Miezi saba, dada. Kila umwitapo mzembe, jina hilo ni langu.

Jana nilikwenda kwa Mzee Moodley kabla sijavaa aproni, nikamweleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe. Hakupaza sauti. Alivua miwani, akaniomba funguo. Akavuta droo akatoa kile kifuniko, alikuwa amekihifadhi, akanipa. Alisema, "Hiki ni chako. Nilimfukuza mtu ambaye hata hakuwepo." Basi sina kazi tangu jana. Mzee amemtumia Respicius ujumbe arudi, na Respicius bado hajajibu. Jumatatu nitapanda taxi kwenda kwa Baba Cele nimwambie uso kwa uso. Sijui atanifanyaje, na hilo ni haki yake.

Kifuniko nimekiweka ndani ya bahasha hii. Kiangalie ile R. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, pale sakafuni, kwa kipande cha chaki ulichokuja nacho kutoka shuleni, na ulinichapa vidole mpaka mguu wa R ukawa na mkia. Mumeo haandiki hivyo, barua zake unazo. Siku ya Matawi kiweke mbele ya wazee, na barua hii wasomewe yote. Usifiche jina langu.

Sasa swali lako. Sina haki tena ya kukuambia uje au usije, kwa hiyo nitakuambia tu kile ambacho Respicius alinikataza kusema mpaka akuambie mwenyewe, kisha akakosa mdomo wa kukuambia. Jumatano ile saa nne, uliponipigia, simu yake ilikuwa imezimwa kwa sababu mle ofisini simu hazitakiwi. Alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, ameshika bahasha ya plastiki ndani ya shati isilowe. Ndani yake mlikuwa na picha zenu, wewe, Jules na Mireille. Alikwenda kuwaandikisha kwenye faili lake. Mliandikwa siku hiyo hiyo, na mpaka leo majina yenu yapo. Picha moja ya kila mmoja ilibaki, maana walichukua moja moja na yeye alikuwa amepeleka mbili mbili. Yako anayo mfukoni mwa kile kizibao cha njano.

Msalimie mama, ila umsomee kwa utaratibu, na umshikie mkono. Msalimie Jules na Mireille, waambie mjomba anawapenda na amekosa. Wape pole wote watakaoumia kwa haya. Valérie anasema ukitaka kunitukana upige simu, atanipa nisikilize mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Anicet Nzeyimana