Picha Kumi na Moja za Mama

Kaka yangu Shee,

Assalaam aleikum. Vipi mgongo wako, na vipi goti la mama? Ile mashua uliyokuwa ukiiunda imekwisha, au mwenye kuiagiza bado anabadilisha maneno? Sisi huku Uingereza hatujambo, ila baridi imetuganda, na mwanangu Salma amekohoa wiki nzima. Sasa ni mzima na fujo zake zimerudi.

Kadi ya kamera aliyoileta binamu yetu Athmani imefika. Niliitia kwenye kompyuta, nikamwita Salma na baba yake waje wamwone mama. Kaka! Picha kumi na moja, zote za mama, na hakuna hata moja yenye kichwa. Leso ipo, mikono inayosuka ukili ipo, mkeka upo, na katika mbili kipo kidole chako kinene kama gogo. Tulicheka hadi mume wangu akakaa chini. Nilipompigia mama simu kumwambia, alisema kwa lahaja yetu ile inayomfanya mtu awe mchu, "Mchu asiye na kichwa ni mchu yupi? Mwulize huyo fundi wako!"

Usikasirike, kosa nimelijua. Nilimwonyesha picha zako mzee mwenye duka la kamera kuukuu ninakosafisha lenzi, akaniuliza, "Ndugu yako hufanya kazi gani?" Nikamwambia huunda mashua. Akacheka sana, kisha akanieleza. Kile kitundu cha kuchungulia katika kamera niliyokupelekea ni kioo kitupu, kimekaa juu ya lenzi. Jicho lako lina njia yake na lenzi ina njia yake. Mtu akiwa mbali tofauti haionekani. Ukimkaribia, lenzi huona chini kuliko wewe. Nawe ulimsogelea mama, ukafumba jicho moja kama unayekagua ubao, ukakibana kichwa chake kwenye ukingo wa juu pasibaki hata upenyo wa uzi. Kwa mashua hiyo ni sifa. Kwa picha, umemkata mama kichwa.

Sasa nakupelekea kamera nyingine, kwa mkono wa Athmani huyo huyo. Hii nayo ina kitundu, maana nalijua jua la kisiwani kwetu Kudha, kile kioo kikubwa cha nyuma hakionyeshi kitu ukiwa mchangani. Lakini ndani ya kitundu mna televisheni ndogo, nayo hukuonyesha kile kile kinachoonwa na lenzi. Kichwa kikikatika utakiona kimekatika, na kidole chako pia utakiona. Ina tabia mbili: hula betri, basi ichaji kwa sola kwanza, na huchelewa kidogo, kwa hiyo mama akianza tu kucheka, bonyeza hapo hapo. Ile ya zamani pigia mashua zako kwa mbali, inafaa.

Najua nakusumbua, lakini tulipokimbia Kismayu vita vilipoingia, sanduku la picha lilibaki mvunguni mwa kitanda. Na tangu niwaache nyinyi Mombasa, kabla hamjarudi Kudha, sijamwona mama. Sauti yake naisikia kila Ijumaa. Uso wake umeanza kunitoka, kaka, na naona haya hata kuliandika neno hili.

Nisalimie wifi yangu, mwambie viungo vyake vya samaki vimekwisha na navililia. Wasalimie wanao, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, yule aliyekuwa akinifinya sikio. Mama mbusu mkono kwa niaba yangu.

Picha moja tumeibandika jikoni. Jana Salma aliongeza karatasi kwa upande wa juu, akamchorea bibi yake kichwa kwa penseli: macho, pua, ushungi, na kicheko kikubwa. Akaniuliza, "Mama, nimepatia?" Nilikitazama kile kichwa hadi chai ikapoa.

Basi rudi nyuma hatua mbili, kaka, na uache nafasi juu ya kichwa.

Ni mimi nduguyo,
Zaituni