Sauti ya Baba Niliyoibana

Mama,

Chai imo kwenye chupa, maharage yameshaiva. Dawa unywe baada ya kula, usijifanye umesahau.

Asubuhi uliponiuliza mbona marehemu Baba anaongea kama yumo ndani ya debe, nilisingizia hedifoni. Nilikudanganya. Nilizibana rekodi zake ziwe ndogo ili nyimbo zangu zipate nafasi kwenye kicheza muziki chako, kisha nikafuta zile za awali. Faili ikishabanwa hivyo ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Ile pumzi aliyokuwa akivuta kabla ya kucheka, kompyuta iliiona kelele tu, ikaitupa.

~~Nitazirekebisha jioni.~~ Hazirekebishiki.

Nimekwenda kwa Shangazi, huenda simu yake ya zamani inayo rekodi moja nzima. Mpaka nirudi, usiisikilize hiyo sauti, Mama. Usije ukaizoea.

Kitindamimba wako