Kikao cha Herufi Mbili za Gari la Mzee Kipngetich

Leo ni Jumamosi, tarehe 12 Agosti 1995. Bwana Owino wa Chama cha Magari ya Kale, Nairobi, alituomba tumwandikie yote yatakayosemwa, hata ya ugomvi. Mimi katibu naahidi kuandika yote, pamoja na yale niliyoombwa niyaache.

MAHALI: Boma la Mzee Kipngetich, Kimulot, mbele ya banda la kuku.

WALIOHUDHURIA:
Mzee Kiplangat – Mwenyekiti
Mzee Kipngetich – mwenye gari
Bw. Ombati – karani mstaafu wa shamba la chai
Bi. Rodah – mkaza mwana wa Mzee Kipngetich, mwenye kuku
Janeffer – Katibu, Kidato cha Tatu, binti wa Bi. Rodah

ALIYEKOSA: Mwalimu Robert (kwa udhuru, ng'ombe wake anazaa).

KUMB. NA. 1/8/95: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa nane na nusu mchana kwa maombi ya Bi. Rodah. Aliwaombea pia kuku.

KUMB. NA. 2/8/95: BARUA YA NAIROBI
Katibu alisoma barua ya Bwana Owino. Ilieleza kwamba magari ya mashindano ya aina hii, yenye kiti kimoja, yalitengenezwa saba tu, mwaka 1934. Moja, nambari BD 306, lilishindana Nakuru mwaka 1954. Mzungu aliyeliendesha aliumia mkono, na kitabu cha mashindano kinasema "fundi wake alimalizia mizunguko mitatu". Jina la fundi halikuandikwa. Lakini hati ya mwaka 1963, Mzee Kipngetich alipoachiwa gari na mwajiri wake, inasema PT 306. Kwa hiyo chama hakiwezi kukubali kwamba gari ni lile, wala kwamba fundi alikuwa yeye.

Mzee Kipngetich alisema fundi alikuwa yeye.

Mwenyekiti alisema ameisikia habari hiyo tangu ujana. "Mimi nilijua unaosha hayo magari tu, Kipngetich."

Mzee Kipngetich alijibu, "Nilikuwa naosha pia."

KUMB. NA. 3/8/95: HATI YA 1963
Bw. Ombati alikubali kwamba hati aliiandika yeye. Alieleza kwamba siku hiyo mvua ilinyesha. Yeye alikaa varanda na kalamu, na Mzee Kipngetich alilala chini ya gari akimsomea nambari kwa sauti. "Mimi niliandika vile nilisikia."

Mzee Kipngetich: "Na mimi nilisema vile niliona. Ungetoka kwa hiyo varanda uje uone na macho yako."

Bw. Ombati: "Nitoke nilowe? Nilikuwa na suruali mpya, Mzee."

Mwenyekiti aliagiza jambo lile lirudiwe. Mzee Kipngetich alikwenda nyuma ya banda na kutaja kwa sauti herufi BD za barua ya Nairobi. Bw. Ombati, bila kuona, aliandika PT. Mwenyekiti alisema kosa ni la ulimi wa Mzee, naye akaenda kusoma mwenyewe. Bw. Ombati aliandika PT. Mwenyekiti aliomba jaribio la pili lisiandikwe.

KUMB. NA. 4/8/95: KUKAGUA CHUMA
Ilikubaliwa nambari iliyogongwa kwenye chuma chini ya kiti ikwanguliwe. Bi. Rodah alipinga kwa sababu kuku alikuwa ameatamia mayai tisa kwenye kiti hicho. "Hiyo kuku haiamki mpaka itotoe. Gari imengoja miaka thelathini, haiwezi kungoja wiki mbili?"

Mzee Kipngetich alisema, "Mama Janeffer, mimi ndiye siwezi."

Bi. Rodah alimwinua kuku yeye mwenyewe, pamoja na mayai, akamweka kikapuni.

Bw. Ombati alikwangua kwa msasa na mafuta ya taa. Zilionekana D na 306, wazi. Herufi ya kwanza kutu imekula nusu ya chini, na iliyobaki ni tumbo moja la juu. Inaweza kuwa B au P. Mzee Kipngetich, ambaye macho yake ni hafifu, alipapasa kwa kidole akasema ni B. Bw. Ombati alisema amesikia P.

Hakuna aliyecheka ila Mwenyekiti.

Bw. Ombati aliomba iandikwe kwamba D si T, na kwamba siku ile ilimpasa kutoka varandani. Mwenyekiti aliomba iandikwe kwamba hajawahi kumwita Mzee Kipngetich mwongo. Katibu alimwomba arudie ili aandike sawasawa. Hakurudia.

KUMB. NA. 5/8/95: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na dakika ishirini, mvua ilipoanza. Bw. Ombati alibaki nje kufunika gari kwa turubai.

Sahihi: Kiplangat, Mwenyekiti
Sahihi: Janeffer, Katibu

Nyongeza, kwa ruhusa ya Mwenyekiti: Bwana Owino, nimeweka karatasi juu ya chuma na kupaka penseli, imo ndani ya bahasha hii. Ikiwa gari ni lile, jina la fundi ni Kipngetich, kwa P. Nimeliona kwenye kitambulisho chake kwa macho yangu, sikusomewa. Tafadhali tujibu kwa posta inayofuata: katika orodha yenu ya magari saba, kuna hata moja lenye PD 306?