Mwezi wa Huko Ndio wa Huku

Kwako mdogo wangu, Mziwanda wa mama,

Salamu zitangulie, maana adabu ni adabu hata mtu akiwa amefura. U hali gani? Natumaini kazi ya kiwandani haijakuchosha sana, na kile kikohozi chako cha asubuhi kimepungua. Sisi huku tu wazima, ukiacha macho ya mama, ambayo nitakueleza. Cherehani zote mbili zinafanya kazi. Jirani yetu fundi viatu anakusalimu. Mkewe naye anakusalimu, ila salamu zake zina kicheko ndani, na sababu utaijua.

Nimekasirika, Mziwanda. Nakwambia mapema, usije ukasoma barua hii ukadhani natania.

Unakumbuka mama alipokulalamikia kwenye simu kwamba tarakimu za kalenda hazioni tena? Ulimwambia aachane na kalenda, atazame juu, mwezi ukijaa ajue wewe uko njiani. Kwa maneno matamu wewe hujambo. Mwezi mwembamba mama hauoni siku hizi, lakini ukijaa anauona, doa jeupe juu ya paa la jirani. Basi ulipojaa akavaa gauni lake la kutokea, akaniamuru nitandike kitanda chako, akakaa mlangoni. Hukuja. Alipokupigia, ukamjibu bila haya kwamba huko mwezi bado mwembamba, kwamba huko ni mbali na mwezi unachelewa kufika.

Ukajaa tena, ukamwambia yaleyale. Na tena. Mama akawa anawaeleza wateja, huku anawapima mabega, kwamba kwa mwanawe mwezi unachelewa. Mke wa fundi viatu alitoka nje amejiziba mdomo kwa kitambaa alichokuja kushonesha. Nilimwona. Nilitamani ardhi inimeze, kisha ikufuate na wewe huko uliko.

Halafu tukaenda kwa daktari wa macho. Alisema ni presha ya macho: jicho la kulia limekwisha, la kushoto linafuata, na kinachopotea hakirudi, si kwa dawa wala kwa kisu. Matone aliyotupa ni ya kuchelewesha tu. Mama hakulia. Alimuuliza kama jicho litasubiri mpaka mwezi wa Mziwanda ujae, apate kuuona uso wako. Daktari akanitazama mimi.

Tulipofika nyumbani nikasema leo patachimbika. Nilifunga mapazia ya chumba cha kushonea, nikawasha taa ya mezani, nikamkalisha mama kwenye kile kiti chetu kinachozunguka. Nikachomeka donge la uzi mweupe kwenye sindano ya kufumia, nikampa alishike mbele yake, mkono umenyooka. Nikamwambia taa ni jua, donge ni mwezi, na kichwa chake ndicho dunia. Alipoielekea taa, upande wa donge aliouona ulikuwa giza. Nikamzungusha polepole. Ukingo ukaanza kung'aa, mwembamba kama ukucha, kisha ikawa nusu. Alipoipa taa mgongo akasema mbona donge limezimika lote. Hapo nilicheka, maana kichwa chake kilikuwa kimekinga mwanga. Nikamweleza kwamba huko ndiko kupatwa kwa mwezi, hutokea mara mojamoja, basi ainue mkono kidogo. Akainua, na donge likang'aa zima.

Akasema kumbe mwezi hauliwi wala hauoti upya. Nikamjibu kwamba nusu yake inawaka siku zote, ila sisi tunaona kiasi kilichotugeukia. Kisha nikaweka shavu langu karibu na lake, nikamwambia sasa mimi ni Mziwanda, niko mbali lakini juu ya dunia hiihii. Akazunguka na kiti, nami nikazunguka naye nikiburuta miguu. Alipoona nusu, niliona nusu. Alipouona umejaa, nami niliuona umejaa. Labda kwako unaonekana umelala upande, labda unachomoza saa chache kabla au baada ya kwetu. Lakini kujaa ni kujaa, dunia nzima.

Mama akalilaza donge mapajani. Nilitaka akasirike. Nilikuwa nimeshashika simu, tukuseme wote wawili mpaka uchoke. Akaniambia niirudishe mahali pake.

Hapa ndipo penye neno nililokatazwa kukwambia. Mama alijua. Tangu ile mara ya pili alijua mwezi ni mmoja, alichokuwa hajui ni sababu yake, na alinishukuru kwa kumwonyesha. Wateja aliwaambia kwa makusudi. Wangemuuliza kwa nini mwanawe haji kumwona, na yeye aliona heri wamcheke yeye mjinga kuliko wakuite wewe mtoto asiye na shukrani. Kisha akaniapisha nisikwambie, eti ukijua kwamba amejua utaona haya, na mwenye haya hapiti mlangoni.

Kiapo nimekivunja, na sijutii. Mimi sina moyo wa mama. Kama unaogopa kurudi mikono mitupu, nani hapa amekuuliza umebeba nini? Uso wako tu ndio unaotakiwa, na jicho lililobaki halina subira kama ya mama.

Jumapili utapiga simu kama kawaida yako. Atakuuliza mwezi wako umefikia wapi, kwa sauti ileile ya mtu asiyejua kitu. Sasa unajua kwamba anajua. Mjibu.

Nisalimie wenzako wa kazini, na kikohozi hicho ukitibu. Kitanda chako nimekitandika tena jana, kwa hasira, lakini nimekitandika.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni na leo ningekucharaza,

Dada